Anayeanza programu aanze na kalamu

Vyuo vikuu vyetu vya Tanzania vinapofungua mwaka mpya wa masomo, kati ya Oktoba na Novemba, kuna somo ambalo sifa zake huwafikia wanafunzi wapya kabla hata ya ratiba kubandikwa. Ni utangulizi wa uandishi wa programu za kompyuta. Mabwenini, wa mwaka wa pili huwapasha habari wa mwaka wa kwanza: hapo ndipo watu hudisko, kama hesabu hazipandi usijisumbue, na usihofu sana maana desa la mwaka jana lipo, lete flashi.

Hilo la kudisko lina ukweli kidogo. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Denmark, Jens Bennedsen na Michael Caspersen, walichapisha takwimu walizokusanya katika vyuo zaidi ya 60 vya nchi mbalimbali. Kwa wastani, wanafunzi 33 katika kila 100 walifeli somo hili au waliliacha njiani. Walipoupima tena mwaka 2019, wastani ulikuwa 28. Maana yake wanaofaulu ni wengi kuliko wanaoanguka, na anayeangukia chuoni Kijitonyama au Dodoma ana wenzake Ulaya na Marekani.

Ni kweli kwamba kwetu kuna mzigo wa ziada. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku ile ilikuja kulegezwa, lakini hadi leo wapo vijana wanaotoka kidato cha sita wakiwa hawajawahi kumiliki wala kutumia kompyuta kwa maana yoyote. Mmoja anafungua laptopu yake, mwingine anasubiri bumu ndipo aanze kuulizia bei ya iliyotumika. Tusijidanganye kwamba hawa wawili wanaanzia mstari mmoja. Hata hivyo woga wa kibodi huisha baada ya wiki chache. Kinachowakwamisha wote wawili, mwenye laptopu na asiye nayo, ni kitu kidogo mno: alama ya sawasawa.

Chukua mistari hii minne, ambayo katika lugha ya Python huandikwa hivi hivi:

a = 5
b = 7
a = b
b = a

Uliza darasa, mwishoni a ni ngapi na b ni ngapi? Wapo watakaojibu haraka kwamba zimebadilishana, a imekuwa 7 na b imekuwa 5. Wengine watasema programu haiwezi kufanya kazi kwa sababu 5 haiwezi kuwa sawa na 7. Jibu hili la pili si la mjinga. Ni la mtu aliyesoma aljebra sekondari akaielewa, ambako alama ile inatangaza kwamba pande mbili zinalingana. Katika programu, alama ile ile ni amri: kokotoa kilicho kulia, kihifadhi kwa jina lililo kushoto. Kompyuta inafika mstari wa tatu, inaikuta b ina 7, inaipa a hiyo 7. Ile 5 imefutika. Mstari wa nne unaipa b thamani ya a, ambayo sasa ni 7. Mwisho zote mbili ni 7. Anayetaka kuzibadilishanisha kwa mistari ya namna hii aanze kwa kuihifadhi 5 kwa jina la tatu.

Hapo hakuna hesabu ngumu. Kuna kufuata mstari baada ya mstari bila kurukia unachodhani mwandishi alikusudia, na kazi hiyo inataka karatasi. Mwaka 2004 Raymond Lister na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika nchi saba. Waliwapa wanafunzi vipande vifupi vya programu wavisome na waseme vitatoa nini. Wengi walipwaya katika kusoma tu, kabla hata ya kuombwa waandike chochote. Watafiti walikusanya pia karatasi za rafu, wakaona kwamba waliochora jedwali na kufuatilia thamani zikibadilika hatua kwa hatua walielekea kupata majibu sahihi zaidi. Binafsi naona matokeo hayo yana uzito kuliko ubishi wote wa vijiweni kuhusu lugha ipi ni bora ya kuanzia, C ya Dennis Ritchie au Python ya Guido van Rossum. Anza na ile inayofundishwa chuoni kwako.

Jambo la pili ni ujumbe wa kosa. Mwanafunzi kaandika Jumla kwa herufi kubwa juu, chini kaandika jumla kwa herufi ndogo. Python inamjibu kwa maandishi mekundu ya Kiingereza, naye anafunga dirisha kama aliyefumaniwa. Angesoma mstari wa mwisho angekuta NameError, na jina lisilotambulika limetajwa waziwazi. Juu yake angekuta namba ya mstari wenye kasoro. Hakuna mwalimu anayesahihisha daftari kwa upesi huo.

Sasa kudesa. Zamani ilikuwa flashi, na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 desa linajiandika lenyewe. Sioni ubaya wa kuuliza mashine, lakini programu usiyoweza kuieleza mstari kwa mstari haijawa yako, na siku ya mtihani wa karatasi, ambao vyuo vingi bado vinautoa, hakuna wa kumuuliza.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Wiki za mwanzo zisiishie kwenye slaidi zinazopita kwa kasi na zoezi la kuandika programu nzima. Toeni mistari minne kama ile ya juu, watu wachore jedwali, wabishane, ndipo mashine iwashwe. Zoezi hilo halihitaji umeme, na hata asiye na laptopu anaweza kulifanya kuanzia siku ya kwanza.