Mtoto Akiuliza, Usimpe Nusu ya Jibu

Ndugu mzazi, mwanao akikuuliza malaria hutoka wapi, pengine utamjibu, "Huletwa na mbu," ukadhani umemaliza. La, hujamaliza. Kesho ataumwa na mbu asiugue, naye atakuona mwongo.

Tutazame Mchombe, katika bonde la Kilombero, ambako maji hutuama katika majaruba ya mpunga na mbu huzaliana humo. Mtoto wa huko, sawa na wa mjini, anaweza kuelezwa ukweli kamili kwa maneno mepesi.

Mweleze kwamba mbu hazaliwi na malaria. Anayeambukiza ni anofelesi jike, atafutaye damu ili atage mayai. Akimuuma mgonjwa, hufyonza vijidudu pamoja na damu. Vijidudu hivyo hukomaa mwilini mwake kwa siku 10 hivi au zaidi, kisha huingia katika mate yake. Hapo ndipo akimuuma mwingine humwambukiza. Ronald Ross aliviona vijidudu hivyo ndani ya mbu huko India mwaka 1897.

Mtoto aelewaye hayo hataona ajabu mgonjwa naye kulazwa ndani ya chandarua: anawakinga wenzake. Tena, degedege likimpata mdogo wake mwenye homa, hatasema ni ndege wala pepo. Atahimiza apelekwe hospitali upesi.

Na akikuuliza usilolijua, usitunge. Mwambie, "Mwanangu, sijui, twende tukamwulize mganga wa zahanati." Maneno yawe mepesi, lakini ukweli usipunguzwe.