MAVUMBI, DAMU YA UKOO NA MAUMIVU YA VIUNGO



Ukiamka asubuhi vidole vimekauka kama kuni, huwezi kufunga vifungo vya shati wala kukamata kikombe cha chai, unasema nini? Mmoja anasema: «Ni baridi ya usiku.» Mwingine: «Ni uchovu wa posti.» Wa tatu anaanza kutafuta nani amemroga, na mara nyingi ni mama mzee wa jamaa anayeteswa bure. Wakati huo ugonjwa unaendelea kula viungo.

Ugonjwa huo wanganga wanauita poliatriti rumatoide. Ni aina moja ya baridi yabisi, lakini si ile ya uzee wala ya kuinua mizigo mizito. Unaweza kumshika mtu angali kijana, na unashika wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume. Kwa hiyo habari hii ni ya bibi yako vilevile, si yako peke yako.

Ugonjwa ni kitu gani?

Mwili una askari wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vinavyotoka inje. Katika ugonjwa huu askari wanakosea: wanashambulia ngozi laini inayofunika kiungo kwa ndani. Kiungo kinavimba na kuwa cha moto. Kama hakuna dawa, mfupa unalika na vidole vinapinda, navyo havinyoki tena.

Juu ya nini askari wanakosea? Fikiri mlango wa kampuni. Kila anayeingia anaonyesha karata yake, na mlinzi anaamua: huyu ni wetu, huyu ni mgeni. Ndani ya mwili pia kuna kitu kama sahani ndogo inayowaonyesha askari vipande vya vitu, ili wajue ni vya nani. Umbo la sahani hiyo tunalirithi kwa baba na mama, katika jeni zetu. Watu hawana sahani za namna moja. Kuna sahani ambazo zinashika vizuri zaidi vipande vya mwili vilivyoharibika na kuvionyesha kama vya mgeni.

Mwaka 1978 munganga Peter Stastny wa Marekani alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa poliatriti walikuwa na alama moja ya urithi, iitwayo HLA-DR4. Mwaka 1987 wenzake Gregersen, Silver na Winchester walieleza kwamba alama mbalimbali za wagonjwa zinafanana mahali padogo sana pa sahani hiyo. Tangu hapo zimepatikana sehemu nyingine zaidi ya 100 za urithi, na kila moja inaongeza hatari kidogo tu.

Basi, ni lazima mtoto wa mgonjwa augue?

Hapana! Tazama mapasa wanaofanana kabisa: urithi wao ni mmoja. Katika uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1993, mmoja wa mapasa hao akiwa mgonjwa, mwenzake aliugua mara 15 tu kwa 100. Kwa mapasa wasiofanana ilikuwa karibu mara 4 kwa 100. Hesabu hizo zinatufundisha mambo mawili. Damu ya ukoo ina nguvu, kweli. Lakini haiamui peke yake. Urithi ni kama kuni kavu: bila moto haziwaki.

Moto unatoka wapi?

Moto mmoja ni tumbako. Uchunguzi wa Sweden wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mvutaji aliyerithi alama ile kwa baba na kwa mama pia, hatari yake ya kupata aina kali ya ugonjwa huu ni mara 21 kuliko ya mtu asiyevuta na asiye na alama. Moshi unaharibu vitu ndani ya mapafu, sahani inavionyesha, na askari wanatengeneza silaha. Miaka inaweza kupita kabla kiungo cha kwanza hakijauma.

Moto wa pili tunaujua sisi: mavumbi ya mawe yenye silika. Mwaka 1953 munganga Caplan aliandika juu ya wachimba makaa wa Wales, ambao walikuwa na madoa ya namna yake katika picha za mapafu na maumivu ya viungo pamoja. Sweden, uchunguzi wa mwaka 2005 ulikuta kwamba wanaume waliotoboa au kuvunja mawe walikuwa na hatari mara 3 kuliko wengine. Tulizoea kusema mavumbi yanaua mapafu. Tujue sasa: yanaweza kufika hata katika vidole.

Fanya hivi kazini

Huwezi kubadilisha wazazi wako. Mavumbi na sigareti unaweza kuvizuia.
1. Fungua maji kabla ya kutoboa jiwe. Usitoboe kwa ukavu hata kwa dakika moja, hata kama sefu ana haraka.
2. Usifagie mavumbi makavu. Nyunyiza maji kwanza.
3. Vaa maski inayokaza usoni. Maski iliyoning'inia shingoni hailindi mtu.
4. Kama hewa haitembei mahali unapotumika, julisha mkubwa wako palepale.
5. Oga na kubadili nguo za kazi. Usiwapelekee watoto mavumbi nyumbani.
6. Acha sigareti. Kama kwenu kuna mgonjwa wa viungo, wewe wa kwanza.

Wakati gani uende kwa munganga?

Vidole, viganja au miguu ikivimba pande zote mbili, na ugumu wa asubuhi ukipita nusu saa, usingoje hata miezi miwili. Mwambie munganga kazi unayofanya, miaka uliyokaa katika mavumbi, na kama kuna mgonjwa katika ukoo. Atapima damu na kuangalia mapafu.

Vidonge vya sokoni vinatuliza maumivu, lakini haviokoi mfupa. Dawa ya kuuokoa ipo. Inayotumika sana ni metotreksati, na inataka munganga wa kuifuata. Inamezwa mara moja kwa juma, si kila siku: kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mwanamke mwenye mimba haimezi.

Anayeanza dawa mapema anaweza kulinda mikono yake na kubaki kazini. Kwa hiyo, ndugu, mwache mama mzee akae kwa amani. Fungua maji ya mashini yako, zima sigareti, na vidole vikikauka asubuhi, pita kwenye dispanseri.