Kifafa kwa Asiyekula Nguruwe

Katika vijiji vya Mbozi na Mbulu, mnunuzi mzoefu wa nguruwe hatoi pesa kabla ya kuona ulimi. Nguruwe analazwa ubavu, kijiti kinapitishwa katikati ya taya, ulimi unavutwa nje kwa kitambaa na vidole vinapapasa upande wa chini. Vikigusa vivimbe, bei inashuka papo hapo au biashara inavunjika.

Kipimo hicho kina maana. Nguruwe mwenye vivimbe ulimini kwa kawaida ni mgonjwa kweli. Shida ni yule ambaye ulimi wake ni safi, kumbe moyo na misuli ya mapaja vimebeba vifuko vya maji vyenye ukubwa wa punje ya harage. Ndani ya kila kifuko kuna kichwa cha tegu wa nguruwe, Taenia solium.

Nyama hiyo ikiliwa kabla haijaiva sawasawa, kichwa hujishikiza kwenye utumbo mwembamba wa mlaji. Baada ya miezi miwili hivi tegu amekomaa, na anaweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Aliye naye mara nyingi hajisikii chochote. Vipande vya mwili wa tegu hukatika na kutoka na kinyesi, kila kimoja na maelfu ya mayai. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa, viluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kutulia kwenye misuli.

Binadamu akimeza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa, mboga mbichi au maji machafu, mwilini mwake hutokea yaleyale yanayomtokea nguruwe, na vifuko vingine huishia kwenye ubongo. Ndipo kifafa kinapoanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwake. Fikiria binti anayeanguka kwenye moto wa jikoni, akaungua, kisha majirani wakasema amerogwa.

Kwa hiyo kumnyooshea kidole mla kitimoto peke yake ni kukosea. Nyama yenye vifuko humpa mlaji tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutoka kwenye mayai, yaani kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, awe mgeni, jirani au mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1992 madaktari wa New York walieleza habari za Wayahudi wanne wa Orthodox, watu ambao dini yao inakataza nguruwe, waliokutwa na vifuko hivyo kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka Amerika ya Kilatini, ambako tegu huyu yupo kwa wingi.

Choo basi ndicho ngao ya kwanza, lakini kiwe na mlango unaofungika. Choo cha shimo chenye gunia mlangoni hakimzuii nguruwe mwenye njaa. Banda nalo halitoshi iwapo majani anayokatiwa yametoka kichakani watu wanakojisaidia. Na mfugaji anayewaachia nguruwe wake baada ya mavuno si mjinga: pumba ni ghali, na nguruwe akizurura anajitafutia. Anayehimiza banda bila kuzungumzia chakula cha kiangazi anamwachia mfugaji mzigo wote.

Dawa ipo. Dozi moja ya oksifendazoli huua vifuko kwenye misuli ya nguruwe, ingawa nyama yake isiliwe mpaka muda uliowekwa upite. Chanjo ya TSOL18, iliyobuniwa na watafiti wa Melbourne, humkinga na mayai mapya. Watu nao hutibiwa tegu wa tumboni, ila kwa uangalizi, maana dawa ya prazikwanteli inaweza kuamsha degedege kwa mwenye vifuko ubongoni.

Kinachokwama ni hesabu ya mfugaji. Nguruwe mwenye vifuko hunenepa kama wenzake, na aliyechanjwa hauzwi ghali zaidi. Mkaguzi akikamata nyama yenye vifuko, inateketezwa bila fidia, ndiyo maana nguruwe wengi huchinjwa nyuma ya nyumba, mbali na macho yake. Halmashauri zilipie chanjo kama zinavyolipia vita dhidi ya kichaa cha mbwa, na anayempeleka nguruwe wake kukaguliwa asirudi nyumbani mikono mitupu.