Maziwa ya Mama na Saa za Kazi

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto mchanga alishwe maziwa ya mama peke yake katika miezi sita ya mwanzo wa maisha yake, bila maji, bila uji, na bila maziwa ya ng'ombe. Baada ya hapo huanza kupewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 iwapo amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Miezi sita ni siku zipatazo 180. Hivyo mama aliyezaa mtoto mmoja hubakiwa na siku 96 ambazo mwili wake unatakiwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja: nyumbani kwa mtoto, na kazini kwa mwajiri.

Njia ya kuziba pengo hilo ni kukamua maziwa na kuyaacha nyumbani. Lakini akina mama wengi wanaoijaribu hukutana na jambo la kushangaza. Matiti yamejaa hata yanauma, na mama amejifungia chooni au katika stoo ya ofisi, akikamua kwa haraka kabla hajaitwa. Yanatoka matone machache tu. Jioni arudipo nyumbani, mtoto hunyonya na maziwa humiminika. Wapo wanaokata tamaa wakiamini kwamba maziwa yao yamekauka, nao huanza kumpa mtoto maziwa ya kopo au uji kabla ya wakati wake. Je, kweli maziwa yamekauka? Sayansi inalo jibu, na jibu hilo lamhusu mwajiri kama linavyomhusu mama.

JINSI MAZIWA YANAVYOTENGENEZWA

Ndani ya titi mna vifuko vidogo mno, vilivyofungamana mfano wa vichala vya zabibu. Kuta za vifuko hivyo zimejengwa kwa chembe hai ambazo huchukua maji, sukari, mafuta na viini vya protini kutoka katika damu na kuvigeuza kuwa maziwa. Chembe hizo huanza kazi kabla mtoto hajazaliwa. Hata hivyo, wakati wa mimba kondo la nyuma hutoa homoni iitwayo projesteroni ambayo huzuia maziwa yasitoke kwa wingi. Kondo litokapo, kizuizi hicho huondoka, na baada ya siku mbili au tatu matiti hujaa.

Katika siku hizo za kwanza mtoto hupata dang'a, yaani maziwa mazito yenye rangi ya manjano. Dang'a ni kidogo, lakini imejaa kingamwili ambazo hutanda katika utumbo wa mtoto na kumkinga na vijidudu vya maradhi. Kuikamua na kuimwaga kwa kudhani kwamba ni uchafu ni kumnyima mtoto kinga yake ya kwanza.

Kazi ya kutengeneza maziwa huongozwa na homoni iitwayo prolaktini, itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kila mtoto anyonyapo, habari husafiri kwa mishipa ya fahamu kutoka kwenye chuchu hadi kwenye ubongo, na prolaktini huongezeka katika damu. Homoni hii hupanda zaidi wakati wa usiku. Kwa sababu hiyo, kumnyonyesha mtoto usiku kuna manufaa makubwa kwa mama ambaye mchana hayupo nyumbani.

Titi lenyewe nalo lina kanuni yake. Likibaki limejaa kwa muda mrefu, chembe zake hupunguza kasi ya kutengeneza maziwa. Likipunguzwa, huongeza kasi. Kwa hiyo titi si mtungi unaokwisha kwa kumiminwa. Lafanana zaidi na kisima: kadiri kinavyotekwa ndivyo maji yanavyojaa tena. Mama asiyekamua mchana kutwa huwa anauambia mwili wake kwamba maziwa hayatakiwi.

MAZIWA YALIYOPO YASIPOTOKA

Kutengenezwa kwa maziwa ni jambo moja. Kutoka kwake ni jambo jingine. Vifuko vya maziwa vimezungukwa na chembe zinazoweza kujikaza kama misuli. Zikijikaza, maziwa husukumwa katika vijifereji hadi kwenye chuchu. Zisipojikaza, sehemu kubwa ya maziwa hubaki ndani, hata titi likibanwa namna gani. Homoni inayozikaza huitwa oksitosini. Muundo wake ulifahamika na ukaweza kutengenezwa katika maabara mwaka 1953 na mwanakemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wamelijua jambo hili tangu kale, ingawa hawakuwa na jina la homoni hiyo. Kabla ya kukamua ng'ombe wa kienyeji, ndama huletwa anyonye kidogo ili ng'ombe aachie maziwa. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Marekani, Ely na Petersen, walionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Waliwashtua ng'ombe kwa kuwawekea paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi karibu nao. Maziwa yakazuilika, japokuwa viwele vilikuwa vimejaa.

JARIBIO LA MWAKA 1948

Je, binadamu naye yuko hivyo? Jibu lilitolewa na mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha, Niles Newton, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na mumewe Michael Newton, aliyekuwa daktari. Niles alijitolea mwenyewe kufanyiwa jaribio, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1948.

Katika siku za utulivu, mtoto alinyonya bila bughudha yoyote, na kiasi cha maziwa aliyopata kilipimwa. Katika siku nyingine mama alisumbuliwa kwa makusudi wakati wa kunyonyesha: mara miguu yake ilitumbukizwa katika maji ya barafu, mara kidole gumba cha mguu kilivutwa hata kikauma, mara aliulizwa maswali ya hesabu mfululizo. Ili jaribio liwe la haki, alidungwa sindano ya maji ya chumvi yasiyo na athari yoyote, au sindano ya oksitosini.

Siku za utulivu mtoto alipata wastani wa gramu 168 za maziwa. Siku za bughudha alipata gramu 99 tu. Lakini siku za bughudha ambazo mama alidungwa oksitosini, mtoto alipata gramu 153, yaani karibu sawa na siku za utulivu. Matokeo hayo yalithibitisha kwamba maziwa hayakuwa yamepungua. Yalikuwamo ndani ya titi wakati wote. Kilichokosekana ni homoni ya kuyatoa, na iliyoizuia homoni hiyo ni bughudha.

Basi mama anayekamua ndani ya stoo huku akisikiliza nyayo za msimamizi wake hana tofauti kubwa na yule aliyetiwa miguu katika barafu. Hofu, maumivu, aibu na haraka huzuia oksitosini. Kinyume chake, kumwona mtoto, kumsikia akilia, au hata kumfikiria tu, huweza kuiamsha. Ndiyo sababu nguo ya mama huloa ghafla asikiapo kilio cha mtoto. Mama aliye kazini aweza kulitumia jambo hili kwa faida yake: picha ya mtoto, au kitambaa chenye harufu yake, humsaidia maziwa yashuke.

KIASI GANI KINATOSHA?

Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha vipimo vya akina mama 71 waliokuwa wakinyonyesha watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi sita. Kwa wastani mtoto alinyonya gramu 788 kwa siku, katika minyonyo ipatayo 11, kila mnyonyo ukiwa na gramu zipatazo 76. Watoto walitofautiana sana, na kwa kawaida mtoto hakulimaliza titi: alichukua wastani wa asilimia 67 tu ya maziwa yaliyokuwamo. Jambo jingine muhimu ni kwamba kiasi cha siku hakikuongezeka sana kati ya mwezi wa kwanza na wa sita.

Kutokana na tarakimu hizo, mama anayekuwa mbali na nyumbani kwa saa tisa anahitaji kuacha kama gramu 300, yaani kiasi kinachokaribia vikombe viwili vya chai. Si kiasi cha kutisha. Kama atakamua mara tatu katika siku ya kazi, kila mara atahitaji kupata kama gramu 100 kutoka katika matiti yote mawili.

Matiti kuwa laini baada ya wiki chache za mwanzo si dalili ya kukauka kwa maziwa. Ni dalili kwamba mwili umeyalinganisha maziwa na mahitaji ya mtoto. Kipimo cha kuaminika ni mtoto mwenyewe. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito katika kadi yake ya kliniki ukipanda, maziwa yanamtosha. Wala hahitaji maji, hata katika joto la pwani, kwa kuwa maziwa ya mama yana maji kiasi cha asilimia 87.

KUKAMUA NA KUHIFADHI

Pampu ya kukamulia maziwa si chombo kigeni katika historia: Orwell Needham alipata hataza ya pampu ya namna hiyo nchini Marekani mwaka 1854. Siku hizi zipo za mkono na za umeme. Hata hivyo, mkono wa mama hauna gharama, ni rahisi kuusafisha, na hautegemei umeme.

Kwanza mama hunawa mikono kwa sabuni, kisha hukaa kwa utulivu na kuyakanda matiti polepole. Huweka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, nyuma ya chuchu, penye ukingo wa sehemu nyeusi inayoizunguka. Husukuma kuelekea kifuani, hubana, kisha huachia, akirudia kwa mwendo wa taratibu. Hapaswi kuivuta chuchu yenyewe wala kuteleza vidole juu ya ngozi, kwani huleta maumivu, na maumivu huzuia maziwa. Dakika ya kwanza au ya pili huenda yasitoke maziwa, asikate tamaa. Huzungusha vidole pande zote za titi, na zoezi zima huchukua kama dakika 20 hadi 30.

Maziwa yaliyokamuliwa hutiwa katika chombo safi chenye kifuniko. Penye joto la nyuzi 25 za Selsiasi au pungufu, hukaa hadi saa nne; katika joto kali la Dar es Salaam au Mombasa yafaa yatumiwe mapema zaidi. Katika sanduku la kuhifadhia ubaridi lenye barafu hukaa hadi saa 24, na katika jokofu la nyuzi 4 hukaa hadi siku nne. Mafuta yakielea juu, maziwa hayajaharibika. Hutikiswa polepole tu. Yasichemshwe motoni, bali chombo kiwekwe katika maji ya vuguvugu. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo kilichooshwa vema, kwa kuwa chupa na chuchu za mpira ni vigumu kusafisha na huficha vijidudu vya kuhara.

SHERIA NA CHUMBA

Sheria ya Tanzania iliyotajwa inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwa mama anayeishi jirani na kazi yake, huo ni msaada mkubwa. Lakini mama wa Mbagala anayefanya kazi Posta aweza kuzimaliza saa hizo barabarani kabla hajamfikia mtoto. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilikwenda hatua zaidi: ilimtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo.

Ni rahisi kudhani kwamba chumba hicho ni anasa. Tarakimu za Newton zaonyesha vinginevyo. Tofauti kati ya gramu 168 na gramu 99 haikuletwa na chakula cha mama, wala dawa, wala umbo la titi. Ililetwa na utulivu. Chumba chenye mlango unaofungika, kiti, maji, sabuni na mahali pa baridi pa kuwekea chombo hufanya kazi ambayo katika jaribio lile ilifanywa na sindano. Gharama yake ni ndogo kwa kiwanda, benki, shule au wizara. Kwa mama aliyebakiwa na siku 96, chumba hicho ndicho kinachoamua kama mtoto ataendelea kupata maziwa yake au atakatizwa kabla ya wakati.