Réunion: Vijia vya Watoro Juu ya Volkano

Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilichoko takriban kilomita 700 mashariki ya Madagaska na ambacho tangu mwaka 1946 ni mkoa wa Ufaransa, kina eneo la kilomita za mraba 2,512, yaani kinaizidi Unguja kwa kama nusu ya ukubwa wake. Lakini ilhali Unguja imekaa juu ya matumbawe na haina mlima, Réunion yote ni mlima uliochomoza kutoka chini ya bahari, na kilele chake kinafika mita 3,070. Wakazi wake, ambao wanakaribia 900,000, wengi wao wamejibana kwenye ukanda wa pwani, na sehemu kubwa ya ndani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2007 na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2010, imeachiwa misitu, magenge na vijia vya miguu, ambavyo vile vilivyowekewa alama peke yake vinazidi kilomita 900. Watalii huvipanda vijia hivyo kwa kujiburudisha, na hakuna ubaya, ila historia yake ni ya watu waliopanda kwa kuwa huku chini hapakuwa na maisha.

Kisiwa hiki kimejengwa na volkano mbili. Ile kubwa zaidi, Piton des Neiges, haijalipuka kwa takriban miaka 12,000, na katika muda huo, na hata kabla yake, ubavu wake umeporomoka na kulika kwa mvua hadi yakabaki mabonde matatu yenye umbo la bakuli, Salazie, Cilaos na Mafate, ambayo yamekizunguka kilele na kuzingirwa na kuta zinazofika mita 1,000 kwenda juu. Salazie na Cilaos zimefikiwa na barabara, ingawa ile ya Cilaos ina kona zaidi ya 400 na humtia kichefuchefu hata dereva mzoefu. Mafate haina barabara mpaka leo. Ni kuta hizo, na ugumu wa kuzivuka, zilizoamua nani angeishi humo.

Katika karne ya 18, kisiwa kilipokuwa kikiitwa Bourbon, mashamba ya kahawa ya pwani yaliendeshwa na watumwa walioletwa kutoka Madagaska na kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, na kwa hiyo jambo hili si geni kwa msomaji wa pwani, kama lisivyokuwa geni kwake neno watoro, ambalo katika nchi ya Kenya lilitumika kwa watumwa waliokimbia mashamba wakaenda kuishi Witu na Fuladoyo. Watoro wa Bourbon hawakuwa na bara ya kukimbilia. Walichokuwa nacho ni mlima, wakaupanda. Majina yao yamebaki juu ya ramani: Cimendef na Anchaing yamekuwa majina ya vilele, Dimitile ni mlima mzima kusini ya kisiwa, na Mafate, kiongozi wa watoro aliyeuawa mwaka 1751 na kikosi cha msaka watoro François Mussard, ameliachia jina lake bonde lote. Hata Mussard ana pango lake lililoitwa kwa jina lake, na hilo linaonyesha kwamba ramani haichagui kati ya mwindaji na mwindwa.

Hata hivyo si sahihi kudai, kama inavyodaiwa mara kwa mara katika vitabu vya watalii, kwamba mpandaji wa leo anakanyaga nyayo za watoro, kwa kuwa mtoro mwenye akili haachi kijia nyuma yake. Kilichorithiwa kutoka kwao ni ujuzi wa mahali: kipito gani kinapitika, ukuta gani una ukingo wa kushika, maji yako wapi wakati wa kiangazi. Utumwa ulipofutwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu wapatao 62,000 wakawa huru, milima ilipokea wakazi wengine, wakiwemo Wazungu maskini ambao ardhi za familia zao zilikuwa zimegawanywa kwa urithi mpaka hazikutosha kulisha mtu, na hao pamoja na walioachwa huru ndio waliochonga vijia vya kudumu kwa jembe na kwa miguu, ili mazao yateremke na chumvi ipande.

Mafate ya leo ina wakazi wapatao 800 waliotawanyika katika vijiji vidogo kama vile Marla, La Nouvelle, Roche Plate na Aurère, ambavyo kila kimoja kimekaa juu ya kipande cha tambarare kilichokatwa na makorongo pande zote. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1991 barua zao zililetwa na tarishi mmoja, Ivrin Pausé, aliyezunguka bonde kwa miguu akiwa na mfuko mgongoni, na si ajabu kwamba jina lake linajulikana kisiwani kuliko la wanasiasa wengi. Siku hizi saruji, mitungi ya gesi na vinywaji huletwa kwa helikopta, umeme hutokana na jua, na nyumba nyingi zina vyumba vya kulaza wapandaji, ambao jioni huandaliwa wali, maharage au dengu na mchuzi wa kuku au soseji. Lakini mtoto akimaliza shule ya msingi hana budi kuteremka pwani ili aendelee na masomo, na mgonjwa asiyeweza kutembea hana njia nyingine isipokuwa angani.

Vijia vikuu ni vitatu, navyo hutambulikana kwa mstari mweupe na mwekundu uliopakwa juu ya mawe na miti: R1, chenye takriban kilomita 60, huizunguka Piton des Neiges, R2, chenye kama kilomita 130, hukikata kisiwa kizima kutoka Saint-Denis hadi pwani ya kusini-mashariki, na R3 huizunguka Mafate yenyewe. Mgeni anayesoma kilomita hizo huzidharau, na hapo ndipo anapokosea, kwa sababu kipimo chenye maana hapa ni mwinuko wa jumla, yaani mita zote zinazopandwa zikijumlishwa bila kutoa zile zinazoteremkwa. Kutoka barabara ya Cilaos hadi nyumba ya wapandaji ya Caverne Dufour ni safari fupi kwenye ramani, lakini mtu hupanda takriban mita 1,100 karibu mfululizo, na vibao vya njiani, kwa busara, huandika saa badala ya kilomita. Mashindano ya Grand Raid, yanayofanyika kila Oktoba, yana njia ya kilomita zipatazo 165 na mwinuko wa jumla wa kama mita 10,000. Washindi huimaliza kwa takriban siku moja, na watu wa kawaida hutembea usiku na mchana kwa karibu siku tatu.

Volkano ya pili, Piton de la Fournaise, yenye mita 2,632, iko hai na ni miongoni mwa zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani. Zaha yake, yaani mawe yaliyoyeyuka, ni nyepesi na hutiririka badala ya kurushwa kwa nguvu, na tena milipuko mingi hutokea ndani ya kaldera, yaani uwanda mpana uliodidimia na kufunguka upande wa bahari, hivyo mara chache huua mtu. Mpandaji huteremka kwenye kaldera kwa ngazi za Pas de Bellecombe, kisha hufuata madoa ya rangi nyeupe juu ya zaha kavu, ambayo ukungu ukishuka ndiyo mwongozo wake pekee. Mlango wa ngazi hizo hufungwa mara tu wataalamu wa kituo cha uchunguzi, kilichofunguliwa mwaka 1979, wanapoona dalili za mlipuko, na tahadhari hiyo si ya bure: Aprili 2007 sakafu ya kasoko kuu, Dolomieu, ilididimia zaidi ya mita 300 katika siku chache.

Lakini adui mkubwa wa vijia vya Réunion ni maji. Upepo wa kusini-mashariki, jamaa wa kusi ya pwani ya Afrika Mashariki, hubeba mvuke wa bahari na kuugonga mlima, na tufani za kati ya Desemba na Aprili huzidisha: Januari 1966 mahali paitwapo Foc-Foc palipata milimita 1,825 kwa saa 24, na Februari 2007 Cratère Commerson ilipata milimita 3,930 kwa siku tatu, ambazo ni zaidi ya mvua ya miaka mitatu ya Dar es Salaam. Kila tufani, kama Belal ya Januari 2024 na Garance ya Februari 2025, huangusha miti, hung'oa ngazi za magogo na kumeza vipande vizima vya njia, na idara ya misitu hulazimika kuanza upya kupanga mawe na kuzuia udongo, huku serikali ikivifunga vijia kwa amri ya maandishi. Wapo wanaoruka vizuizi hivyo, na wengine hawakurudi.

Msimu unaofaa ni Mei hadi Novemba, ingawa usiku kwenye vilele ni wa baridi kali na barafu huweza kuganda juu ya majani. Nafasi za kulala Caverne Dufour na Mafate huisha mapema, hivyo ziwekwe miezi kadhaa kabla, na orodha ya vijia vilivyofungwa isomwe upya asubuhi ya safari. Msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akumbuke pia kwamba viza ya Schengen haitoshi kumwingiza Réunion: huombwa viza ya Ufaransa inayokitaja kisiwa hicho.