Babu anasahau: akili nayo ina mazoezi?

Ukienda likizo Tukuyu au Kalenga, usimcheke babu akikuita kwa jina la kaka yako. Kuchelewa kukumbuka majina ni kawaida uzeeni.

Je, mazoezi yanasaidia? Ndiyo, ila tusidanganyane. Marekani, kuanzia 1998, wazee 2,832 wazima wa miaka 65 na zaidi waligawanywa: wengine wakafundishwa kukumbuka, wengine kufikiri, wengine wepesi wa kuona na kuamua, wengine hawakufundishwa. Vipindi 10 tu! Miaka 10 baadaye faida ya kufikiri na ya wepesi bado ilionekana. Ya kukumbuka, basi tena. Na kila mtu aliimarika hasa kwenye alichofundishwa.

Kwa hiyo bao peke yake (tamu kweli!) halitoshi. Mwulize babu habari za Lugalo, 1891. Pigeni hesabu ya mbolea bila kalkuleta. Tembeeni.

Lakini akipotea njia aliyoizoea, hajarogwa. Mpelekeni hospitali.