KIFUA KIKUU NA CHAKULA: WALICHOKIONA MADAKTARI NCHINI INDIA

Mtu anapoambiwa kliniki kwamba ana kifua kikuu (TB), maswali ya nyumbani huanza kabla hata hajameza kidonge cha kwanza. Alale wapi? Sahani yake iwekwe mbali? Apelekwe hospitali ya mbali akae huko mpaka apone? Na liko swali jingine ambalo mama mwenye kadi ya posho hulibeba moyoni bila kumuuliza mtu: chakula chenyewe hakifiki mwisho wa mwezi, sasa mgonjwa aongezewe na watoto wapunguziwe?

Maswali hayo hayo yameulizwa nchini India, nchi yenye wagonjwa wengi wa TB kuliko nyingine yoyote. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kila wanne duniani yuko huko. Madaktari wa India wameyatafutia majibu kwa kuwafuatilia wagonjwa maskini katika nyumba zao, na majibu yao yamefika hadi katika zahanati zetu. Tunaeleza hapa tafiti mbili. Ya zamani ilihusu kitanda cha hospitali, na ya karibuni ilihusu chakula.

Kitanda au mkeka wa nyumbani?

Kabla dawa hazijapatikana, mgonjwa wa TB aliyekuwa na uwezo alipelekwa katika hospitali maalumu, mara nyingi zilizojengwa milimani, akakaa miezi mingi au miaka akipumzika, akivuta hewa safi na kula vizuri. Wengine walipasuliwa. Daktari aliondoa mbavu kadhaa ili kifua kibonyee na pafu lenye tundu lifunge. Baadhi walipata nafuu, lakini walibaki na kifua kilichobonyea upande mmoja maisha yao yote. Dawa zilipokuja, kuanzia miaka ya 1940, upasuaji huo uliachwa kwa wagonjwa wengi. Siku hizi mgonjwa wa TB hupasuliwa kwa sababu chache tu, kama vile pafu lililoharibika sana na kutoa damu nyingi, au TB sugu iliyobaki sehemu moja ya pafu na kushindikana kwa dawa.

Kulikuwa na dawa, lakini vitanda havikutosha. India ya miaka ya 1950 ilikuwa na wagonjwa wengi mno kuliko vitanda vya hospitali. Mwaka 1956 kituo cha utafiti kilifunguliwa katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Afya Duniani (WHO) na watafiti wa India na Uingereza. Wagonjwa 193 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lililazwa hospitali maalumu ya TB, likapata kitanda, wauguzi na chakula kizuri. Kundi la pili lilibaki nyumbani, katika vyumba vidogo vilivyojaa watu, likila chakula kile kile cha kimaskini. Makundi yote mawili yalipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1959. Katika makundi yote mawili, zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kila kumi walikuwa wametulia, na makohozi yao hayakuwa tena na vijidudu. Waliokaa nyumbani walikaribiana sana na waliolazwa. Halafu watafiti waliwafuatilia watu wa nyumbani, maana hofu kubwa ilikuwa kwamba watoto na wake wa wagonjwa wasiolazwa wangeambukizwa. Hawakuugua zaidi kuliko jamaa wa wale waliolazwa. Sababu yake inaeleweka: sehemu kubwa ya maambukizi hutokea kabla ugonjwa haujajulikana, mgonjwa anapokohoa kwa wiki na miezi bila tiba. Akianza kumeza dawa zinazoua vijidudu vyake, nguvu ya kuambukiza hushuka haraka.

Ndiyo maana leo wagonjwa wengi wa TB hawalazwi. Hata sahani haina kosa. TB husafiri kwa hewa ya kikohozi, si kwa kijiko wala kikombe.

Afrika Mashariki nayo ilichangia. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba kwa kutumia dawa iitwayo rifampisini tiba inaweza kufupishwa kutoka mwaka mmoja na zaidi hadi miezi sita. Na kuanzia mwaka 1977 daktari Karel Styblo alifanya kazi na serikali ya Tanzania kujenga mpango wa taifa wa TB, ambao baadaye ulikuwa mfano wa utaratibu wa DOTS, yaani mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu anayemsimamia.

Funzo lililoeleweka nusu

Hapa inafaa tuseme wazi jambo moja. Wataalamu wengi waliyasoma matokeo ya Madras wakaona kwamba, kwa kuwa waliokula vibaya nyumbani nao walipona, basi chakula si sehemu ya tiba. Hilo halikuwa swali la utafiti ule. Ulichoonyesha ni kwamba dawa huua vijidudu hata katika mwili wa mtu anayekula kidogo. Hata huko Madras waliolazwa waliongezeka uzito zaidi. Lakini kwa miaka mingi programu za TB katika nchi nyingi zilihesabu vidonge kwa uangalifu mkubwa, na mizani ikatumika zaidi kupanga idadi ya vidonge kuliko kumuuliza mgonjwa amekula nini.

Mizani hiyo ndiyo iliyorudisha mjadala. Katika kijiji cha Ganiyari, jimbo la Chhattisgarh katikati ya India, madaktari wanaohudumia watu maskini wa vijijini waliandika uzito wa wagonjwa wao wapya 1,695 wa TB ya mapafu kati ya mwaka 2004 na 2009. Mwanaume wa katikati ya orodha alikuwa na kilo 42. Mwanamke alikuwa na kilo 34, na hapo tunazungumza juu ya watu wazima, wengi wao wazazi. Wagonjwa wenye uzito mdogo sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ingawa dawa walipata.

Ni kweli kwamba TB yenyewe hukondesha. Lakini njaa pia huita TB. Takriban robo ya watu wote duniani wanakadiriwa kuwa wamewahi kuambukizwa kijidudu cha TB, na wengi wao hawataugua kamwe kwa sababu kinga ya mwili hukilaza usingizi. Kinga ikidhoofika, kwa VVU, kwa kisukari au kwa njaa, kijidudu huamka. Swali likawa hili: tukiwalisha watu wanaoishi na mgonjwa, je, wataugua kidogo zaidi?

Mchele, kunde na watu 10,345

Swali hilo lilijibiwa katika jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India, lenye misitu na migodi na watu wengi wa makabila ya asili ambao ni miongoni mwa maskini wa nchi ile. Madaktari Anurag Bhargava na Madhavi Bhargava, pamoja na taasisi ya taifa ya utafiti wa TB iliyoko Chennai, ambayo ni mtoto wa kituo kile kile cha mwaka 1956, waliandikisha wagonjwa 2,800 na watu 10,345 walioishi nao. Walianza Agosti 2019. Miezi michache baadaye ikaja korona, India ikafungwa, na kazi ya kuwafikishia watu chakula ikaendelea katika hali hiyo.

Hakuna mgonjwa aliyenyimwa. Kila mgonjwa, wa kundi lolote, alipata kapu la chakula la kila mwezi lenye mchele, jamii ya kunde, maziwa ya unga na mafuta, pamoja na vitamini. Tofauti ilikuwa kwa watu wa nyumbani. Katika maeneo yaliyochaguliwa kwa kura nao waliongezewa chakula chenye kilokalori 750 na gramu 23 za protini kwa mtu kwa siku. Katika maeneo mengine waliendelea na chakula chao cha kawaida.

Matokeo yalitangazwa Agosti 2023. Miongoni mwa jamaa ambao hawakuongezewa chakula, watu kama 26 kati ya kila 1,000 waliugua TB katika kipindi cha ufuatiliaji. Miongoni mwa walioongezewa walikuwa kama 17. Baada ya mahesabu yote, TB ya kila aina ilipungua kwa asilimia 39, na TB ya mapafu iliyothibitishwa maabara, ile inayoambukiza, ilipungua kwa asilimia 48. Kwa kila familia 30 hivi zilizolishwa, mgonjwa mpya mmoja alizuiwa. Chanjo nyingi zinazojaribiwa kwa ajili ya TB zingefurahia matokeo kama hayo, na hiki kilikuwa chakula tu.

Kwa wagonjwa wenyewe, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walianza tiba wakiwa na uzito pungufu. Walioongezeka uzito kwa asilimia 5 katika miezi miwili ya kwanza walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 61. Kwa mtu wa kilo 40, asilimia 5 ni kilo 2. Tusizidishe maneno: kuongezeka uzito kunaweza kuwa dalili ya kupona na vilevile sababu ya kupona, na utafiti wa namna hiyo hautenganishi mambo hayo mawili kikamilifu. Lakini mgonjwa ambaye mizani yake haipandi ni mgonjwa wa kuangaliwa haraka.

India haikuyaacha matokeo hayo kabatini. Tangu mwaka 2018 serikali ilikuwa ikimpa kila mgonjwa wa TB rupia 500 kwa mwezi kwa ajili ya chakula, na Novemba 2024 kiasi hicho kikafanywa rupia 1,000.

Hesabu ya posho

Msomaji wa kambini atakuwa ameshaanza kupiga hesabu. Kipimo cha kawaida cha posho kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Nyongeza ya Jharkhand ilikuwa kama theluthi ya hiyo. Mwaka 2023 ndugu zetu wa kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma nchini Tanzania, walipunguziwa mgawo hadi asilimia 65 na kisha, mwezi Juni, hadi nusu, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Nusu ya 2,100 ni 1,050. Maana yake ni kwamba kilichokatwa katika kila sahani kilikuwa kikubwa kuliko kile kilichopunguza TB kwa asilimia 39 kule India. Hatusemi kwamba kambi ni Jharkhand, kwa maana wapo wanaolima kibustani au kufanya vibarua. Lakini tunaona ni haki hesabu hiyo ijulikane kwa wanaopanga bajeti, na pia kwa viongozi wa wakimbizi wanaokaa nao mezani.

Katika nyumba yenye mgonjwa, yapo yanayowezekana leo. Mgonjwa apimwe uzito siku ya kwanza na kila anapokuja kliniki, na aulize uzito wake uandikwe kwenye kadi. Idadi ya vidonge hutegemea kilo, kwa hiyo akinenepa huenda vidonge vikabadilishwa. Mtu mzima aliyekonda sana aombe kupimwa kwa ajili ya mpango wa lishe, maana wengi hudhani uji wa lishe ni wa watoto na wajawazito peke yao. Posho ikitoa unga mwingi na maharage machache, maharage yasiuzwe. Gramu 200 za unga wa mahindi hukaribia kilokalori 750, ila haifiki protini ile ya Jharkhand.

Wiki chache baada ya kuanza dawa hamu ya kula hurudi kwa nguvu, na baadhi ya wagonjwa huona aibu kula sana mbele ya watoto. Wengine huacha vidonge kwa kuwa vinawachoma tumbo lililo tupu. Wote wawili waje waseme, tusije tukagundua baada ya mwezi. Mkojo wa rangi ya chungwa ni wa rifampisini, hauna madhara. Miguu inayowaka moto au kufa ganzi inaweza kuwa ukosefu wa vitamini B6, hasa kwa aliyekonda, na hiyo ina kidonge chake.

Chakula hakiwi badala ya dawa. Mtu wa nyumbani mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda anahitaji kupimwa makohozi, hata kama anakula vizuri. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa apelekwe kliniki hata kama hakohoi, maana akionekana hana TB atapewa dawa ya kumkinga.

Mgonjwa anapokuja kwa kipimo cha mwezi wa pili, alete makohozi ya asubuhi, kadi yake ya kliniki na watu wote wanaolala chini ya paa lake. Nao watapimwa uzito siku hiyo hiyo.